Mlango Chini ya Uwanja wa Kriketi

Jumatatu mlango ulikuwa wazi. Jumatano ulikuwa umefungwa.

Mlango kufungwa si habari. Ila huu ulikuwa chini ya ardhi, kina cha kumfunika mtu mzima, katika nyumba ambayo mtu wa mwisho kutoka alitoka miaka elfu moja na mia sita iliyopita, na hakuna aliyetarajia kwamba angekumbuka kurudi kufunga.

Ibtisam aliziweka picha mbili sambamba kwenye skrini, ndani ya vani, akazitazama mpaka chai ikapoa. Ya Jumatatu: ukuta, pengo, ukuta. Ya Jumatano: ukuta mtupu mwanzo hadi mwisho.

"Umekosea mistari," alisema Wanjohi, akitafuna sambusa baridi.

"Sijakosea."

"Basi ni mvua. Ama mwenye nyumba amechoka na upepo."

Wanjohi alikuwa mtu wa Nyeri, dereva wa vani, msukumaji wa kigari cha rada, na binadamu pekee katika London nzima aliyekuwa akisema naye Kiswahili kila siku. Yeye Ibtisam alikuwa wa Kuze, Mombasa, mwenye shahada mbili za kusoma vilivyozikwa bila kuvifukua. Kampuni yao ilikodiwa na halmashauri moja iliyotaka kujua, kabla ya kuuza uwanja wa zamani wa kriketi pembeni mwa Hayes kwa wajenzi wa maghala, kuna nini hasa chini yake. Chini yake kulikuwa na mji. Mji mdogo wa Kirumi, barabara moja imenyooka kama rula, hamamu, maduka, nyumba zimebanana. Hakuna aliyeuona wala atakayeuona, maana sharti la kazi lilikuwa kutogusa. Unasukuma kigari juu ya nyasi, kinatuma mawimbi chini, mawimbi yanarudi na umbea. Halmashauri iliipenda sana njia hii. Waliiita "uchunguzi usiodhuru", na katika kila barua waliipigia mstari hiyo "usiodhuru", kama watu wanaoapa kabla hawajashtakiwa.

Ofisini walijibu kwamba mlango uliofungwa ni kosa la mpimaji, na kwamba Alhamisi arudie eneo lile kwa kipimasumaku.

Sasa, kipimasumaku ni mashine yenye wivu. Ukiibeba hutakiwi kuwa na chembe ya chuma mwilini: si zipu, si mkanda, si viatu vya usalama vyenye chuma puani. Ibtisam alivaa suruali ya mpira kiunoni na raba za mtoto wa shule. Kisha akavua pete. Ilikuwa pete ya chuma, nyembamba, nyeusi, aliyovishwa na mamake kwa imani ileile inayowafanya watu waweke kisu chini ya mto wa mtoto mchanga: jini na chuma hawakai meza moja. Mama alikuwa amekufa miaka mitatu sasa. Pete aliiacha ndani ya vani, kwenye kijisahani cha sarafu za maegesho.

Alianza kutembea. Kwenda, kugeuka, kurudi, nusu mita pembeni. Jua la Desemba lilikuwa limeshakata tamaa. Alipofika juu ya mlango akasita. Kwao Kuze hupiti kizingiti cha mtu ukichungulia; dirisha la jirani likiwa wazi unageuza uso. Na yeye wiki nzima alikuwa akipita juu ya vyumba vya watu akihesabu kuta zao.

"Hodi," alisema, nusu mzaha.

Upepo.

"Hodi." Akamalizia ya tatu kwa sababu hodi mbili haziachwi njiani: "Hodi!"

Hakuitikiwa. Mtu asipoitikiwa mara ya tatu huenda zake. Hiyo ni adabu na mtoto mdogo anaijua. Lakini ratiba ilisema eneo lile limalizike kabla ya giza. Ibtisam akapita.

Jioni Wanjohi alimshusha mlangoni pake, fleti ya chini katika jengo la matofali mekundu. "Karibu chai," Ibtisam alimwambia, kama kila siku.

"Starehe, dada," akajibu Wanjohi, kama kila siku.

Neno hilo Ibtisam ndiye aliyemfundisha, Idi moja: kwetu ukikaribishwa nawe huna nafasi, husemi hapana, unasema starehe, na mwenyeji anabaki na heshima yake. Wanjohi alilipenda mno. Ibtisam angejua litatumika hivi, asingelifundisha. Vani ikaondoka, na pete ndani yake.

Maghribi ya London mwezi wa Desemba huingia watoto wakiwa njiani kutoka shuleni, kwa hiyo majini wa huko, kama wapo, wana saa nyingi za kazi. Ibtisam alikuwa jikoni akiosha kikombe kimoja, sahani moja na kijiko kimoja, aliposikia sauti mlangoni.

"Hodi."

Maji yaliendelea kutiririka.

"Hodi."

Miaka minane London. Hapa watu hubonyeza kengele; wenye vifurushi hubonyeza na kukimbia. Sauti hii ilikuwa ya mtu aliyesimama hatua moja nyuma ya mlango na kugeuza uso pembeni, kama ipasavyo.

"Hodi!"

"Karibu!" aliita Ibtisam, na furaha ya hilo neno ilikuwa imeshamtoka kabla akili haijauliza nani.

Alifungua. Ukumbi wa nje ulikuwa mtupu, na ile taa inayowaka yenyewe mtu akipita haikuwa imewaka. Kisha ikaja harufu, ya kisima, ya majivu yaliyolowa, ya mafuta ya zamani sana. Ikapita. Ibtisam alijikuta mgongo wake umeegemea ukuta. Alikuwa amesogea pembeni, kumpisha mgeni.

Siku za mwanzo hazikuwa mbaya, na hilo aliona haya kulisema hata baadaye. Kiti cha pili mezani kilikuwa kikikutwa na unyevu. Chakula upande ule kilipoa upesi. Jioni kulikuwa na mtu ndani ya nyumba, hilo tu, kama kuna mtu chumba cha pili anayekunja nguo. Siku ya tatu alitoa kikombe cha pili kabatini. Siku ya nne alikisimulia kiti habari za ofisi: kwamba bajeti imekatwa, Wanjohi kapelekwa kwenye kazi nyingine Stratford pamoja na vani yake, na yeye atamaliza uwanja peke yake akiwa na kidude cha manjano shingoni, kwa mujibu wa Sera ya Mfanyakazi Aliye Peke Yake. Kila saa kidude kiliuliza kwa sauti ya mwanamke mwema: uko salama? Ukiwa salama, unabonyeza kijani. Usipobonyeza, kinapiga kelele na kumpigia simu mwenzako. Waliotunga sera hawakuweka kitufe cha mtu aliye salama na bado hana wa kusema naye.

Kiti kilisikiliza. Kilikuwa kisikilizaji kizuri.

Kisha ikaja Jumapili ya pili. Mafua yalimlaza kwenye kochi alasiri, taa hazijawashwa, na lile giza la mapema likishuka dirishani. Akasikia nyayo. Nyayo tupu, zenye maji, kutoka mlangoni hadi dirishani. Zikasimama. Zikageuka. Zikarudi hadi mlangoni, nusu mita pembeni ya njia ya kwanza.

Alizitambua kabla hajakubali kuzitambua. Ndivyo mtu apimavyo uwanja, mstari kwa mstari, kwenda na kurudi bila kuruka, na mgeni wake alikuwa akiipima sebule kwa subira ya mtu asiye na ratiba, akapita katikati ya meza kana kwamba meza ni ukungu, akapita kwenye rafu ya vitabu, akafika miguuni pa kochi, na pale Ibtisam, aliyetaka kuinuka asiinuke, aliyetaka kusoma Ayatul Kursiy na ulimi ukamkatalia, akahisi baridi nyembamba kama uzi ikipanda kutoka vidole vya miguu hadi magoti hadi tumbo hadi paji la uso, bila kumgusa, bila kumgusa hata unywele, kisha ikageuka ikashuka shubiri moja pembeni, kisha ikapanda tena, na kila ilipopita ilisita mahali palepale, kifuani upande wa kushoto, kama yeye mwenyewe anavyosita mbele ya skrini akiona pengo ukutani na kujiambia: hapa pana mlango.

Kisha nyayo zikarudi kitini. Hakuwa amedhuriwa popote. Uchunguzi usiodhuru.

*

Maalim Shee, mtu wa Pate, alikuwa mlinzi katika jumba la maduka Stratford, na siku zake za mapumziko alisomea watu wenye majini. Walikutana katika mkahawa wa Waarabu Edgware Road, kanzu yake ikichungulia chini ya koti la kazi.

"Kwanza lazima nikuulize kama umeridhia," alisema. "Mwaka jana nilimtoa mtu jini, nikaandikiwa malalamiko kurasa mbili."

"Yaliandikwa na huyo mtu?"

"Na nani mwingine? Jini ana adabu yake." Akasogeza kikombe. "Haya, binti yangu. Alipiga hodi?"

"Mara tatu."

"Ukamwitikia."

"Nilimwitikia, Maalim."

"Bila kuuliza nani?"

Ibtisam alitazama nje, mabasi mekundu yakipita yamejaa watu. "Miaka minane sijapigiwa hodi," alisema taratibu.

Maalim hakumkemea, akakoroga chai yake. "Na wewe kwake uliwahi kwenda?"

Akamweleza. Hodi tatu, kimya, akapita.

"Astaghfirullah. Hukuitikiwa, ukaingia? Kwa sababu gani?"

"Kulikuwa na ratiba."

"Ratiba!" Mtu wa meza ya pili aligeuka. Maalim akashusha sauti. "Sikiliza. Nikikuandikia kombe la aya ukalinywa, hilo ni la kumtoa mvamizi. Huyu hakuvamia, wewe ndiye uliyevamia, na yeye kaja kwa hodi akakaribishwa. Nimsomee nini? Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wazee hawakusema binadamu tu. Tafuta jembe la chuma, liweke mlangoni, mwambie kazi inamngoja. Akiona chuma ataondoka bila kuaga. Na hiyo pete yako irudi kidoleni leo hii."

Wanjohi aliileta pete jioni ileile. Akasimama kwenye zulia la mlangoni, funguo za vani mkononi.

"Karibu ndani," Ibtisam alisema. "Nimepika pilau. Kaa kidogo tu, Wanjohi. Tafadhali."

"Starehe, dada, nimeegesha vibaya, hawa watu wa faini..."

Nyuma yake, ndani, kiti kilivutwa. Taratibu, kama mtu anayejisogeza karibu na meza.

Uso wa Wanjohi ukachanua. "Kumbe una mgeni! Si ungesema? Sikusumbui basi." Akamkonyeza, akafurahi kwa dhati, akaenda zake karibu akipiga mluzi.

Kupata jembe London si kazi ndogo. Maduka ya bustani yana sepetu, yana uma, yana vijiko vya maua vya rangi ya waridi. Mwishowe alimgongea jirani wa juu, Mzee Yogesh, mzaliwa wa Kisumu, aliyelima mchicha kwenye kijishamba cha kukodi nyuma ya reli.

"Jembe ya nini, mama? Ardhi iko kama jiwe saa hii."

"Nina mgeni, mzee."

Yogesh alimtazama, akatazama chini kwenye ngazi, kuelekea mlango wa Ibtisam ulioachwa wazi. Inaonekana naye alikuwa amesikia nyayo. Akaleta jembe la Kisumu lenye mpini uliong'aa kwa mikono. "Rudisha ukimaliza," alisema, kisha akafikiri. "Ama usirudishe."

Aliliegemeza ndani ya mlango, chuma chini, mpini juu. Akasimama na pete yake kidoleni.

"Mgeni wangu," alisema, na sauti ikamgeuka ikawa ya mamake, "umekaa, umekula, umepumzika. Kazi inakungoja."

Kiti kikalia. Harufu ya kisima ikaja, ikasimama mbele yake muda wa pumzi moja, ikapita. Jembe likainuka. Maalim alikuwa amesema jini hashiki chuma, na kweli hakukishika: alishika mpini, kama mtu yeyote mwenye akili. Mlango ukafunguka, ukafungwa kwa upole.

Nyumba ikawa kimya. Ibtisam alingoja nafuu ije. Alikaa mezani, akala, akaosha kikombe kimoja. Kikombe cha pili kilibaki kikavu pale kilipokuwa. Siku moja ikapita hivyo, na ya pili, na ya tatu akajikuta anakitazama kiti kama mtu anavyotazama simu.

*

Jumatatu alirudi uwanjani kumalizia kwa rada. Pete kidoleni, viatu vizito vya usalama miguuni, kidude cha manjano shingoni. Hapakuwa na shimo popote; nyasi zilikuwa nzima, zimelowa, hazikukatika hata jani moja. Akasukuma kigari. Jua likaanza kushuka huku watu wa ofisi wakirudi kutoka chakula cha mchana.

Alipofika kwenye ile nyumba, akaitazama skrini, akakisimamisha kigari.

Mlango ulikuwa wazi. Na nyuma ya nyumba, mahali palipokuwa na udongo mtupu siku zote, kulikuwa na chumba kipya. Warumi hawakukijenga hicho. Kilikuwa na ukuta mmoja uliopinda kidogo upande wa kaskazini, na ukuta ule aliujua, kwa sababu ulipindwa na fundi wa Hayes aliyekuwa na haraka, na yeye alikuwa amelala kando yake miaka minane. Sebule yake. Jiko lake. Kona ya kochi. Katikati, nukta mbili ndogo zikikabiliana, ukubwa wa vikombe. Na mlangoni, kali na nyeupe kama chuma kinavyotokea kwenye rada, alama ya jembe lililoegemezwa na mtu aliyemaliza kazi.

Alikuwa amempa mgeni jembe. Mgeni alikuwa amejenga.

"Karibu," ilisema sauti chini ya nyasi.

Ilikuwa sauti ya upole. Ya mtu aliyetandika, akapika, akafagia, akasimama mlangoni.

Ibtisam alijua la kujibu. Neno moja tu, la adabu, alitamke kisha aondoke, na akiondoka atakuwa na maisha yake yote, nyumba kimya, kikombe kimoja. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini neno hilo alikuwa amelipokea mlangoni pake kila jioni, akijua lilivyo zuri na lilivyo chungu, na alipotaka kulitoa aliona uso wa mwenyeji, uso asiowahi kuuona, ukibaki pale kizingitini na pilau inayopoa.

"Karibu ndani," ilisema sauti. "Kaa kidogo tu."

Kidude kikaita. Uko salama? Bonyeza kijani.

Akainama, akafungua kamba za viatu. Mtu haingii kwa mwenzake na viatu. Akavivua, akavipanga pamoja. Nyasi zilikuwa baridi chini ya soksi, kisha hazikuwa baridi. Akavua pete pia, maana mtu hamtembelei mwenzake na silaha, akaiweka ndani ya kiatu cha kulia, na kidude juu yake.

Uko salama? kiliuliza kidude ndani ya kiatu. Uko salama?

"Hodi," alisema Ibtisam.

*

Simu ilimpata Wanjohi akiwa Stratford, na jiji zima lilikuwa kati yao. Alipofika, alikuta kigari, na kidude kinalia, na viatu. Havikutupwa. Vilikuwa vimewekwa bega kwa bega, pua zimeelekea upande mmoja, kama viatu vilivyo nje ya nyumba ya watu siku ya Idi. Wanjohi si mtu wa pwani, lakini aliwahi kula Idi kwa Ibtisam mara moja, na alijua viatu vikiwa hivyo mwenyewe yuko ndani.

Polisi walisema mtu mzima ana haki ya kwenda anakotaka. Kampuni ilifanya uchunguzi wake na kuthibitisha kwamba sera ilifuatwa. Kuhusu ardhi, ripoti ilikuwa na sentensi moja, imepigiwa mstari: haikuguswa.

Na kwa kuwa ratiba ni ratiba, Jumatano Wanjohi alitumwa kumalizia mistari iliyobaki. Pete ya chuma, aliyoikuta ndani ya kiatu, haikumwingia kidole chochote, kwa hiyo aliishika kiganjani, akasukuma kigari kwa mkono mmoja. Juu ya ile nyumba aliangalia skrini. Ukuta, mwanzo hadi mwisho. Mlango ulikuwa umefungwa. Nyuma yake, katika chumba chenye ukuta uliopinda, nukta mbili ndogo, na moja ilikuwa imesogezwa ukingoni mwa meza, kama anayeitumia ameiweka chini ili asikilize.

Akasimama. Giza lilikuwa linaingia, na kulikuwa na harufu ya pilau.

"Nani huyo? Wanjohi?" ilisema sauti anayoijua, imechangamka, chini ya viatu vyake. "Karibu! Karibu chai!"

Alifunga ngumi mpaka pete ikamkata.

"Starehe, dada," alisema Wanjohi, na machozi yakimtoka, akaanza kurudi kinyumenyume. "Starehe. Starehe."

Chini ya nyasi, mlango ulifunguka.